Taka za jikoni zaweza kurudisha rutuba kwenye bustani za Nakuru

Kila siku kabla ya mapambazuko, malori na pikapu zilizosheheni kabeji, viazi, karoti na sukuma wiki huteremka kutoka Molo, Mau Narok, Bahati na Subukia kuelekea masoko ya jiji la Nakuru. Muda si mrefu, sehemu ya mzigo huo huwa tayari imegeuka maganda, majani yaliyonyauka na mabaki ya chakula yanayosubiri gari la taka. Safari yake huishia Gioto, jaa kuu la jiji lililo kwenye miteremko ya Menengai.

Kwa njia hiyo, rutuba iliyotolewa katika udongo wa mashamba hairudi ilikotoka. Mkulima hulazimika kununua mbolea ya viwandani ili kujaza pengo. Mkazi wa jiji mwenye kishamba nyuma ya nyumba naye huenda katika duka la pembejeo kununua kilo mbili tatu za mbolea, ilhali asubuhi hiyo hiyo amekwisha kutupa ndoo nzima ya kitu ambacho kingeweza kuwa mbolea.

Hasara ya pili hujitokeza mvua inaponyesha. Ziwa Nakuru, lililo chini ya jiji, halina mto wowote unaotoka ndani yake. Maji yakiingia, hupungua kwa kugeuka mvuke, lakini taka, udongo na mabaki ya kemikali yaliyosombwa kutoka mitaani na mashambani hayana pa kwenda. Ziwa hilo ndilo lililokuwa la kwanza nchini Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mnamo 1990. Linalotupwa ovyo juu ya mlima, basi, hatimaye hupatikana bondeni.

Mboji, yaani mbolea inayotokana na mimea na samadi iliyooza kwa utaratibu, ni njia mojawapo ya kuirudisha rutuba hiyo udongoni. Ni jambo ambalo familia yaweza kulifanya nyumbani pasi na mashine wala mtaji mkubwa. Hata hivyo, kufaulu kwake hutegemea mambo mawili ambayo mara nyingi hupuuzwa: taka kutenganishwa kabla hazijachanganyika, na mwenye bustani kujua kiwango ambacho mboji yake inaweza kutosheleza.

Mbolea ghali, mbolea bandia

Suala la mboji lilipata uzito mpya katika miaka ya hivi karibuni kutokana na masaibu ya mbolea ya viwandani. Mnamo 2022, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea aina ya DAP ilipita Sh6,000 katika maeneo mengi ya nchi. Septemba mwaka huo serikali ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 kwa mfuko, na mwaka uliofuata bei hiyo ikashushwa hadi Sh2,500.

Nafuu hiyo ilitiwa doa mwaka wa 2024. Msimu wa upanzi ukiwa umewadia, ilibainika kwamba baadhi ya mbolea iliyosambazwa chini ya mpango wa ruzuku haikutimiza viwango vya ubora. Serikali ilikiri kuwepo kwa mbolea hiyo na kuahidi kuwafidia wakulima walioinunua. Kwa wakulima wengi wa Bonde la Ufa waliokuwa wamekwisha kupanda, fidia haikuweza kurejesha wiki za mvua zilizopotea.

Funzo moja la kisa hicho ni kwamba mkulima hawezi kutambua kwa macho yaliyomo ndani ya mfuko ulioshonwa. Mboji ya nyumbani ina faida hiyo kwanza kabla ya nyingine zote: anayeitumia ndiye aliyeitengeneza, na anajua kilichoingia ndani yake.

Elimu ya zamani

Utengenezaji wa mboji haukuanza jana. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimetumia samadi, majivu na majani yaliyooza kurutubisha mashamba ya migomba na mboga tangu jadi. Katika maandishi ya kitaalamu ya karne ya 20, jina linalotajwa zaidi ni la Mwingereza Albert Howard, aliyefanya utafiti mjini Indore, India, katika miaka ya 1920 na kuunda utaratibu wa kurundika mabaki ya mimea na samadi kwa matabaka.

Utaratibu huo ulifika Kenya mapema. Howard aliandika kwamba kituo cha kwanza barani Afrika kuutumia kilikuwa shamba la kahawa la Kingatori karibu na Kiambu, ambako kazi ilianza Februari 1933. Baadaye mbolea za viwandani zilienea kwa kasi, na marundo ya mboji yakasahaulika katika sehemu nyingi.

Mnamo 1986, Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KIOF, ilianzishwa ili kuwafundisha wakulima wadogo mbinu hizo upya. Katika Kaunti ya Nakuru, Chuo cha Kilimo cha Baraka kilichoko Molo kimekuwa kikifunza kilimo endelevu, na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, ambacho chanzo chake ni shule ya kilimo iliyofunguliwa 1939, ni miongoni mwa vituo vikuu vya utafiti wa kilimo nchini.

Udongo wa vumbi

Jina Nakuru lenyewe husemekana kuwa limetokana na neno la Kimaasai linalohusishwa na vumbi. Yeyote aliyeishi jijini humo mwezi Januari hahitaji ushahidi zaidi. Udongo wa sehemu kubwa ya jiji na viunga vyake umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, hulimika kwa urahisi, lakini hupitisha maji upesi na kupeperushwa na upepo ukiachwa wazi.

Ukimwagia udongo kama huo mbolea ya chumvichumvi na mvua kubwa ikanyesha, sehemu ya naitrojeni huteremka na maji kupita kina cha mizizi ya mboga. Mboji hufanya kazi kwa namna nyingine. Chembechembe zake hushikanisha vumbi hilo kuwa madonge madogo yenye nafasi za hewa na maji, huzuia virutubisho visisombwe haraka, na kuwapa chakula bakteria, kuvu na nyungunyungu wanaoendelea kuusaga udongo.

Faida nyingine inahusu uchachu wa udongo. Matumizi ya miaka mingi ya mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huongeza asidi udongoni, na asidi inapozidi fosforasi hufungwa isiweze kufyonzwa na mimea. Mboji iliyokomaa haina madhara hayo, na husaidia kuzuia mabadiliko ya ghafla ya kiwango cha asidi. Udongo ambao tayari una asidi nyingi, hata hivyo, huhitaji chokaa ya kilimo baada ya kupimwa katika maabara.

Kinachotokea ndani ya rundo

Kuoza kwa mboji ni kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Viumbe hao huhitaji vitu vinne: chakula cha nguvu, chakula cha kujenga mwili, maji na hewa.

Chakula cha nguvu ni kaboni, ambayo hupatikana kwa wingi katika vitu vikavu kama mabua ya mahindi, majani makavu, nyasi za ngano, maganda ya maharagwe na karatasi zisizo na rangi. Chakula cha kujenga mwili ni naitrojeni, iliyomo katika vitu vibichi: maganda ya viazi na ndizi, majani ya mboga, nyasi zilizokatwa karibuni, machicha ya chai na samadi. Wataalamu hupendekeza sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Kwa mwenye nyumba asiye na maabara, kipimo cha kukadiria ni ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi.

Vitu vikavu vikizidi, rundo hukaa miezi mingi bila kubadilika. Vibichi vikizidi, rundo hulowa, hukosa hewa na kutoa harufu mbaya. Kuoza bila hewa ndiko pia huzalisha gesi ya methani katika majaa makubwa ya taka, gesi inayochangia ongezeko la joto duniani.

Rundo lililotengenezwa vyema hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 katika siku chache za kwanza. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Hapo ndipo samadi iliyopikwa katika mboji hutofautiana na samadi mbichi. Samadi mbichi huunguza mizizi na yaweza kubeba bakteria wa magonjwa ya tumbo hadi kwenye majani ya mboga. Nchini Marekani, kanuni za kilimo hai huhitaji siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo.

Namna ya kutengeneza

Mahali pafaapo ni penye kivuli, pasipotuama maji, na palipo karibu na bustani. Rundo huhitaji upana na urefu wa angalau mita moja, na kimo cha mita moja hadi moja na nusu. Likiwa dogo kuliko hapo huoza pia, lakini hupoteza joto upesi, huchukua muda mrefu zaidi, na mbegu za magugu husalia hai.

Kwanza ardhi hulegezwa kwa jembe ili nyungunyungu wapate njia. Kisha hutandazwa vijiti na mabua yaliyokatwakatwa, kimo cha sentimita 20 hadi 30, yawe njia ya hewa. Juu yake huwekwa tabaka la vitu vikavu la sentimita 15, tabaka la vitu vibichi la sentimita 7 hivi, samadi kiasi cha sentimita 5, na udongo wa juu wa shamba, konzi chache tu, ambao huleta viumbe wa kuanzisha kazi. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Utaratibu hurudiwa hadi kimo kitakiwacho kifikiwe, kisha rundo hufunikwa kwa nyasi au majani ya migomba ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe.

Majivu ya jikoni yaweza kunyunyizwa kidogo kwa ajili ya potasiamu. Yakizidi, huifanya naitrojeni iliyo kwenye samadi kupaa angani kama amonia, na hasara ikawa kubwa kuliko faida.

Mmea mmoja ulio tele kando ya barabara nyingi za Bonde la Ufa unastahili kutajwa. Ni alizeti-mwitu yenye maua ya manjano, ambayo wataalamu huiita Tithonia. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu. Majani hayo yakikatwa na kuingizwa kwenye rundo huharakisha kuoza. Yakilowekwa majini kwa wiki mbili hadi tatu hutoa mbolea ya maji ambayo huchanganywa na maji zaidi kabla ya kumwagwa kwenye mashina ya mboga.

Baada ya kurundika, fimbo ndefu iliyochongwa huchomekwa kimshazari hadi katikati ya rundo. Hiyo ndiyo pimajoto ya mkulima. Ikichomolewa baada ya siku tano ikawa moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, rundo linahitaji maji. Ikiwa baridi na yenye harufu mbaya, linahitaji kupinduliwa na kuongezwa vitu vikavu. Unyevu hupimwa kwa kufinya konzi moja mkononi: mboji iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, isiwe ya kuchuruzika.

Rundo hupinduliwa baada ya wiki mbili au tatu, yaliyokuwa nje yakaingia ndani, na zoezi hilo hurudiwa mara mbili au tatu. Katika hali ya hewa ya Nakuru mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Molo na Mau Narok, ambako baridi ni kali, huhitaji muda zaidi. Mboji iliyokomaa ni nyeusi au ya hudhurungi, haina joto, hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, na ganda la kiazi halitambuliki tena ndani yake.

Yasiyofaa kuingia

Ubora wa mboji huamuliwa jikoni, siku ambayo ganda linatupwa. Maganda yakishachanganyika na nepi, betri, vigae vya chupa na mifuko, hakuna kazi ya baadaye itakayoyatenganisha kikamilifu. Plastiki yaweza kuokotwa, lakini risasi na kadimiamu zinazovuja kutoka kwa betri na rangi kuukuu hazionekani, hazioozi, na mboga za majani zaweza kuzifyonza. Ndiyo maana udongo mweusi unaochotwa kwenye majaa ya taka zilizochanganyika, japo huonekana wenye rutuba, haufai kukuzia chakula.

Nyama, mifupa na mafuta huvutia panya na mbwa. Kinyesi cha mbwa na paka hubeba vimelea vya magonjwa. Majani ya mkaratusi huoza polepole na yana mafuta yanayozuia mimea mingine kuota. Nyasi au mabua yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu karibuni huweza kuleta dawa hiyo hadi kwenye mboga. Mimea iliyougua mnyauko nayo ni afadhali ichomwe.

Sheria inaunga mkono hatua hiyo ya kwanza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale zinapozalishwa. Makadirio ambayo yamekuwa yakitumiwa na serikali yanaonyesha kwamba asilimia 60 hadi 70 ya taka nchini ni za aina inayooza. Ni dhahiri kwamba ndoo ya pili jikoni, iliyotengewa maganda pekee, ingepunguza pakubwa mzigo unaopandishwa Gioto.

Kutoka rundo hadi sufuria

Bustani ya familia haihitaji kuwa kubwa. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita 10 hutosha miche takriban 40 ya sukuma wiki katika mistari miwili, kila mche ukiwa sentimita 50 kutoka kwa mwenzake. Upana wa mita moja huwezesha kupalilia kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga tuta. Kila mita ya mraba hupewa kilo nne hivi za mboji kwa msimu, zikachanganywa na udongo wa juu. Tuta zima, basi, linataka kilo 40.

Wanaoanza hushauriwa kuchagua mboga zisizodekezwa. Mnavu, mchicha, kunde na mgagani zimezoea mazingira ya Kenya na hazishambuliwi mno na wadudu. Kunde, zikiwa za jamii ya mikunde, hushirikiana na bakteria wa mizizini kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Mbegu za mboga hizi za kienyeji huweza kuhifadhiwa na mkulima mwenyewe, kazi ambayo shirika la Seed Savers Network lenye makao yake Gilgil limekuwa likiihimiza. Nyanya zafaa kusubiri hadi mwenye bustani apate uzoefu, hasa kwa kuwa nondo aina ya Tuta absoluta, ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aliingia Kenya mnamo 2014 na bado ni msumbufu.

Wapangaji wa mitaa kama Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, ambao hawana hata hatua moja ya ardhi, wanaweza kutumia magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, mawe yakapangwa katikati kama nguzo ya kupitishia maji, na miche ikapandwa juu na ubavuni. Mtindo huo ulipata umaarufu katika mtaa wa Kibera, Nairobi, kuanzia 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipowasaidia wakazi kuuanzisha baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi.

Kilimo ndani ya jiji si jambo geni kwa watu wa Nakuru. Mtafiti Mholanzi Dick Foeken alilichunguza kwa kina na kuchapisha kitabu mnamo 2006 kuhusu namna familia za Nakuru zilivyotumia mazao na mifugo kuongezea kipato. Kuwepo kwa kuku, mbuzi na ng'ombe mitaani kuna maana kwamba samadi nayo imo mitaani, na mara nyingi mwenye mifugo hufurahi kumpata wa kuiondoa.

Wadudu bila kemikali

Swali la wadudu ndilo huwarudisha wengi kwenye dawa za viwandani. Dawa iliyosajiliwa huonyesha kwenye kibandiko chake idadi ya siku zinazopaswa kupita kabla ya mboga kuvunwa. Tatizo la sukuma wiki ni kwamba huchumwa kila wiki, na anayepulizia Jumatatu akachuma Jumatano huwa amelisha familia dawa. Mnunuzi sokoni hana njia ya kujua.

Katika bustani ndogo, macho na mikono ndiyo silaha ya kwanza. Majani yakigeuzwa kila baada ya siku mbili, mayai na viwavi huonekana mapema na huweza kuondolewa kwa vidole. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani ya sukuma wiki wakati wa kiangazi, hupunguzwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Wengine hutumia mchanganyiko wa pilipili na kitunguu saumu, au majivu yaliyonyunyizwa kuzunguka shina kuwazuia viwavi wakatao miche.

Kubadilisha mimea ni muhimu vilevile. Sukuma wiki na kabeji ni za ukoo mmoja na huandamwa na wadudu wale wale. Baada yake hufaa kupanda kunde au vitunguu, kisha mchicha, ndipo sukuma wiki irudi kwenye tuta hilo.

Tahadhari yahitajika hata kwa dawa za mimea. Maji ya tumbaku, ambayo baadhi ya wakulima huyatumia, yana nikotini, sumu kali kwa binadamu, na yaweza kueneza virusi kwa nyanya, pilipili na mnavu. Kitu kutoka shambani hakigeuki salama kwa sababu hiyo pekee.

Kipimo cha ukweli

Wapo wanaohubiri mboji kana kwamba ingeweza kuchukua mahali pa kila mfuko wa mbolea nchini kufikia msimu ujao. Hesabu haikubali. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea aina ya CAN una asilimia 26 ya naitrojeni, yaani kilo 13. Mboji yenye asilimia moja ya naitrojeni ingehitajika kilo 1,300 ili kubeba kiasi hicho, na sehemu ndogo tu ya naitrojeni hiyo hupatikana kwa mimea katika msimu wa kwanza. Ekari moja, ikipewa kilo nne kwa mita ya mraba kama tuta la nyumbani, ingetaka karibu tani 16.

Sri Lanka ilijifunza hayo kwa uchungu. Mnamo 2021 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za kemikali ghafla, bila kuwapo mbolea mbadala ya kutosha. Mavuno ya mpunga yalishuka, wakulima wakaandamana, na kufikia Novemba mwaka huo huo marufuku hiyo ikawa imelegezwa.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoitetea bustani ya nyumbani. Tani 16 ni mzigo mzito kwa mwenye ekari ya mahindi Njoro. Kilo 40 ni kazi nyepesi kwa familia yenye tuta moja Lanet au Free Area. Nyumba inayotoa kilo moja ya maganda kwa siku hukusanya kilo 90 kwa miezi mitatu, na ikiongeza majani makavu, nyasi na samadi ya jirani, hupata mboji ya kulitosheleza tuta lake na kubakiza akiba. Nyumba ambayo taka zake hazifiki kimo cha rundo la mita moja inaweza kuungana na majirani wawili watatu. Mwenye shamba kubwa naye hukosei akitumia mboji pamoja na mbolea ya viwandani kwa kipimo, almradi asiuze mazao yake kama ya kilimo hai.

Neno hilo lina maana maalumu. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na alama ya Kilimohai hutolewa kwa wakulima waliokaguliwa. Familia inayojilisha haihitaji cheti, ila anayenunua mboga kwa bei ya juu ana haki ya kuuliza kama muuzaji anacho.

Kwa wakazi wa Nakuru, kalenda yenyewe inaonyesha pa kuanzia. Mahindi huwa yamevunwa kufikia Desemba na mabua ni tele. Rundo linalopangwa mwanzoni mwa Januari, likamwagiwa maji yaliyooshea mboga na kupinduliwa mara tatu, huwa limekomaa mwanzoni mwa Aprili, wakati mvua ndefu inapoanza kulishika vumbi la Nakuru na miche ikawa tayari kuhamishwa kutoka kitaluni.